Mwanasiasa aliyepata kashfa hurudije madarakani?

Katika elimu ya mpiga kura, swali lisilokosekana ni kama wananchi humsamehe mwanasiasa aliyeaibika kwa mambo yake binafsi. Nadhani neno kusamehe ndilo linalotupoteza, kwa sababu karatasi ya kura haimwulizi mtu amemsamehe nani, bali inamtaka achague mmoja kati ya wagombea waliopo.

Tuchukue mfano wa Mark Sanford wa Marekani. Juni 2009, akiwa gavana wa South Carolina, alitoweka kwa siku kadhaa, na wasaidizi wake wakasema amekwenda kutembea kwa miguu katika milima ya Appalachia, kumbe yuko Argentina kwa mwanamke asiye mke wake. Aliporudi alikiri mbele ya waandishi wa habari, kisha akamaliza muhula wake. Mei 2013 aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi katika uchaguzi mdogo, akashinda kwa takriban asilimia 54 ya kura. Tukiishia hapo tutasema kashfa haikumdhuru hata kidogo. Lakini eneo lile lilikuwa ngome ya chama chake cha Republican. Miezi sita tu kabla yake, Mitt Romney, mgombea urais wa chama hicho, alikuwa ameongoza humo kwa pointi 18 hivi, ilhali Sanford aliongoza kwa 9. Inaelekea aibu ile ilimgharimu kura nyingi, ila chama chake kilikuwa na akiba ya kutosha kulifidia pengo hilo.

Kura za mchujo, ambazo chama huzitumia kumteua mgombea wake, hazina kinga hiyo, maana mpiga kura anaweza kumkataa mtu bila kukiacha chama. Anthony Weiner, aliyejiuzulu ubunge mwaka 2011 kwa sababu ya picha za aibu alizowatumia wanawake mtandaoni, aliwania umeya wa New York mwaka 2013 na kwa muda akaongoza katika tafiti za maoni ya wapiga kura. Julai ikafichuka kwamba aliendelea na mchezo uleule hata baada ya kujiuzulu, na katika mchujo wa chama cha Democratic akaambulia chini ya asilimia 5.

Anayenifikirisha zaidi ni David Vitter wa Republican, aliyekuwa seneta wa Louisiana, kwa kuwa kashfa yake moja ilipigiwa kura mara mbili katika jimbo lilelile. Mwaka 2007 namba yake ilikutwa katika kumbukumbu za simu za biashara ya ukahaba jijini Washington, akaomba radhi, na mwaka 2010 akachaguliwa tena kwa urahisi. Alipowania ugavana mwaka 2015 alikabiliana na John Bel Edwards wa Democratic, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, ambaye tangazo lake lilidai kwamba Vitter alikosa kura ya bungeni ya kuwaenzi wanajeshi waliofariki, na siku hiyohiyo akapokea simu ya biashara ile. Kosa la chumbani likawa sasa kosa la kazini, na Edwards akashinda kwa asilimia 56.

Sanford naye aliangushwa katika mchujo wa 2018, hasa kwa kumkosoa Rais Donald Trump, lakini hata wakati huo, miaka tisa baada ya safari ya Argentina, tangazo la mpinzani wake Katie Arrington lilimwambia aende matembezini, mara hii kwa kweli.