Je, wajua kwa nini filamu ya The Tracker huonyesha mauaji kwa picha za kuchorwa?

The Tracker, filamu ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Rolf de Heer, inatupeleka katika nyika ya Australia mwaka 1922. Wazungu watatu waliopanda farasi wanamsaka Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, anayetuhumiwa kumuua mwanamke wa Kizungu, na mbele yao anatangulia kwa miguu Mwaborijini mwingine, mfuata nyayo, anayeigizwa na David Gulpilil. Hakuna kati yao anayepewa jina. Risasi zinapowaangukia wenyeji, kamera huwaacha waigizaji na kutuonyesha mchoro wa Peter Coad, huku masikio yetu yakibaki palepale penye mauaji.

Kwa maoni yangu, mbinu hii inamnyima mtazamaji starehe aliyoizoea. Katika sinema za farasi na bunduki mtu huanguka, hadithi ikasonga mbele, naye akasahauliwa papo hapo. Mchoro haujongei, kwa hiyo hatuna budi kuukabili. Isitoshe, mauaji mengi ya aina hii hayakupigwa picha wala kufikishwa mahakamani. Mwaka 1928 huko Coniston, katika Jimbo la Kaskazini la Australia, mwindaji wa dingo (mbwa mwitu wa nchi hiyo) aitwaye Fred Brooks aliuawa, ndipo Konstebo George Murray akaongoza misako ya kulipiza kisasi. Tume ya serikali ilikubali kwamba watu 31 waliuawa, ikatamka kuwa mauaji hayo yalikuwa halali, ilhali Wawarlpiri, Waaborijini wa eneo hilo, na majirani zao wanasema waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Katika misako kama hiyo polisi walimtegemea mtu yuleyule waliyemdharau, mfuata nyayo Mwaborijini. Jiwe lililogeuzwa upande wake wa chini ukawa juu, jani lililolala, njia ya mdudu iliyokatiza juu ya unyayo na hivyo kueleza ulikanyagwa lini: kwa askari mgeni hayo yalikuwa vumbi tupu. Gulpilil, aliyekulia Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, akijifunza uwindaji, anaicheza elimu hiyo kwa utulivu wa ajabu, na hata anapofungwa minyororo bado ndiye anayeamua msafara upite wapi na kwa mwendo gani.

Nyimbo zinazoandamana na safari hiyo zinaimbwa na Archie Roach, Mwaborijini ambaye yeye mwenyewe, angali mtoto mdogo, alichukuliwa na serikali kutoka kwa wazazi wake.