Ruki ni nani, na tofauti ya kumtarajia na kumtegemea

Ruki ni mchezaji wa kulipwa aliye katika msimu wake wa kwanza wa ligi. Maana yake inaishia hapo, nami ningeiacha hapo kama Jumamosi iliyopita jioni, katika kiwanja cha mpira wa kikapu hapa Mwanza, nisingemsikia tena mtangazaji akimtambulisha kijana wa miaka 26 aliyetoka kusajiliwa kuwa ni "kinda wetu, tegemeo la timu". Katika robo ya nne kijana alikosa mitupo miwili ya adhabu, na waliokaa nyuma yangu wakasema kwa uchungu kwamba ametuangusha. Hawakuwa na nia mbaya, lakini hukumu ile ilitokana moja kwa moja na maneno aliyovishwa kabla hajagusa mpira.

Neno "kinda" halinisumbui sana, kwa hiyo nitalipita upesi. Kinda ni mtoto wa ndege, kwa hiyo ni neno la umri, ilhali uruki hauhusiani na umri. Arvydas Sabonis aliteuliwa na timu ya Portland mwaka 1986, katika uteuzi wa kila mwaka ambao timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, hugawana wachezaji wapya, lakini msimu wake wa kwanza katika ligi hiyo aliuanza mwaka 1995 akiwa na miaka 30, na bado akaingia katika kikosi bora cha maruki. Pablo Prigioni wa Argentina alikuwa ruki wa New York mwaka 2012 akiwa na miaka 35. Blake Griffin aliteuliwa wa kwanza mwaka 2009, akaumia goti, akakosa msimu mzima, na uruki wake ukahesabiwa msimu uliofuata, ambao alitangazwa kuwa ruki bora. Wengi hudhani kwamba neno lenyewe limetokana na lile la Kiingereza lililotupatia "kuruta", na kwa yeyote aliyepita JKT maana inatosha: kuruta ni mgeni wa kambi, awe na miaka 18 au 25, na ukuruta wake humalizika kwa kumaliza mafunzo.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni hilo neno "tegemeo". Siku hizi tunasema "natarajia", "natumaini" na "nategemea" kana kwamba ni neno moja lenye sura tatu, hata mtu husema "nategemea mvua itanyesha kesho" bila kuona kwamba hakuna alichokiegemea. Kutumaini kumetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutulia, ule ule uliomo katika "nafsi mutmainna", yaani nafsi iliyotua. Mwenye tumaini, kwa asili ya neno, ni mtu ambaye moyo wake umetulia. Kutarajia nako kumetoka katika Kiarabu, katika mzizi wa kutazamia jambo jema litakalokuja, na aliyetarajia bado anangoja, macho yakiwa mbele. Kutegemea ni neno letu la Kibantu, linalofanana na "egemea" kwa sura na kwa maana, na halizungumzii kesho hata kidogo, bali uzito ambao tayari umewekwa juu ya kitu.

Jirani yangu hapa Nyegezi ana migomba nyuma ya nyumba. Mkungu ukishakuwa mzito, hutafuta mti wenye panda, huuchimbia chini, hupitisha panda shingoni mwa mgomba, kisha huusukuma mti ule kwa bega mara mbili tatu kabla hajauachia uzito wote. Mti ule ndio tegemeo. Ukivunjika usiku, mgomba huanguka na mkungu wake, na asubuhi mtu ana haki ya kusema kwamba mti umemwangusha. Sikilizeni vitenzi vyenyewe, kwa maana vina ushahidi: tarajio hutimia au halitimii, lakini tegemeo ndilo linaloweza kukuangusha. Waliosema "ametuangusha" kiwanjani walikuwa sahihi kisarufi, kwa kuwa mtangazaji alikwisha kuwaegemeza wote kwenye mti ambao hakuna aliyeusukuma kwa bega.

Jambo la ajabu ni kwamba Kiswahili chetu kimekwisha kuiweka tofauti hii vizuri katika kazi nyingine. Ukienda Bugando utakutana na daktari tarajali, aliyehitimu chuo na kuvaa koti jeupe, anayewahudumia wagonjwa kwelikweli kwa mwaka mzima chini ya usimamizi. Ndani ya jina lake sikio linayasikia matarajio, na hakuna ndugu wa mgonjwa anayedhani kwamba hospitali nzima imemwegemea yeye. Tunajua pia kusema "bibi harusi mtarajiwa" bila kumdai chakula cha jioni kabla ya ndoa.

Katika NBA kwenyewe mikataba imeandikwa kwa fikra hiyo. Mchezaji aliyeteuliwa katika duru ya kwanza ya uteuzi hupewa miaka miwili ya uhakika, kisha timu ina hiari ya kumwongezea wa tatu na wa nne, maana yake ni kwamba waajiri wenyewe wamejipa miaka kadhaa ya kumtazama. Victor Wembanyama alipata wastani wa pointi 21.4 katika msimu wake wa kwanza, akachaguliwa ruki bora wa mwaka 2024 bila kura hata moja kumpinga, na timu yake ya San Antonio ikapoteza mechi 60 kati ya 82. Matarajio juu yake yalitimia, huku timu ikiendelea kufungwa, na mambo hayo mawili hayapingani.

Sisi Watanzania tulipaswa kujifunza hili kwa Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ambaye Memphis ilimteua wa pili mwaka 2009. Huku nyumbani aliitwa tegemeo letu tangu siku ile. Alikuwa ameanza kuucheza mchezo huu akiwa na umri wa miaka kama 15, na nafasi yake ya katikati katika timu ile ilikuwa tayari na mwenyewe, Marc Gasol. Msimu ule alipata wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6, na Februari 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ya maendeleo, kwenye timu ya Dakota Wizards, katika mji wa Bismarck, wenye jina lile lile la jiwe letu la Kamanga hapa Mwanza. Mteule wa pili hutarajiwa makubwa, na kusema kwamba matarajio yale hayakutimia ni kusema kweli bila kumwonea. Kusema kwamba alituangusha ni jambo jingine, kwa sababu hata Memphis, waliomlipa, walikuwa wamemwegemea Gasol.

Baada ya mechi nilimfuata mtangazaji alipokuwa akikunja nyaya za kipaza sauti, nikamwambia, "Kaka, shikamoo. Yule kijana mpya, Jumamosi ijayo ukimtaja, naomba useme ni ruki wetu na tunamtarajia." Akaitikia marahaba, akauliza kwani "tegemeo" lina ubaya gani. Nikamjibu kwamba ni neno zuri, na kwamba timu ile inaye nahodha wa msimu wa saba anayelistahili kabisa.