Kabati la Kuazima: Kumsaidia Mwanafunzi wa Muziki Afanye Mazoezi Nyumbani

Mwanafunzi wa muziki hukaa na mwalimu wake nusu saa, au saa moja kwa wiki akibahatika. Siku zote zilizobaki yuko peke yake na ala yake, kama anayo. Ninafundisha kinanda na fidla, na malalamiko ya walimu wenzangu ni yaleyale: watoto hawafanyi mazoezi, ni wavivu, simu zimewaharibu. Mimi sikubali. Mkalishe mtoto, umwulize taratibu alivyofanya mazoezi jana. Mara nyingi utasikia kwamba alipiga wimbo wote tangu mwanzo, akakwama palepale anapokwama siku zote, akarudia tangu mwanzo, akakwama tena, akafunga kinanda. Huyo si mvivu. Ameishiwa la kufanya.

Ndiyo maana kabati langu la vitu vya kuazima halikuanza na ala za muziki. Lilianza na swali ninalomwuliza kila mwanafunzi: ukifika nyumbani, kinachokushinda ni nini hasa? Majibu hayafanani. Mmoja anaogopa kelele zake zitawaudhi majirani. Mwingine hajui kama anapatia au anakosea, kwa sababu hakuna wa kumsikiliza. Wa tatu amechoshwa na kitabu kilekile. Kila kikwazo kina kifaa chake, na kazi ya kabati ni kukutanisha viwili hivyo. Ukinunua vifaa kwanza kwa sababu vinapendeza, vitakaa humo vikikusanya vumbi.

Anayeogopa kelele ndiye rahisi kusaidiwa. Wa kinanda cha umeme anaazima hedifoni. Wa ngoma anapewa kibao chenye mpira juu, kinachorudisha kijiti kama ngozi ya ngoma bila mlio mkubwa. Wa fidla anapewa kile kipande cha mpira kinachopachikwa juu ya daraja, yaani kibao kinachoinua nyuzi, sauti ikafifia. Hiki cha mwisho huwa nakitoa na onyo: kitumike kwa kazi ya vidole na mapigo tu. Anayekitumia kila siku huanza kuukandamiza upinde ili ajisikie, na siku kikiondolewa fidla inakwaruza.

Stendi ya nota hakuna anayekuja kuiomba, na karibu kila mtu anaihitaji. Kitabu kikilazwa kitandani au kikiegemezwa kwenye mto, shingo ya mwanafunzi inainama, bega linashuka, na fidla inafuata. Mwezi mzima darasani unarekebisha mkao ambao nyumbani unaharibiwa na kukosa kitu cha kuwekea karatasi. Stendi zinazokunjwa ni nyepesi na zinaingia kwenye mfuko. Azimisha nyingi uwezavyo.

Sasa nikueleze mfuko mmoja kwa kirefu, kwa sababu huo ndio unaotoka kabatini kuliko yote. Ndani yake mna metronomu ndogo (kifaa cha kugonga mapigo, unachokipangia yawe mangapi kwa dakika), vifungo sita vya shati, klipu mbili za karatasi na kadi moja ngumu. Klipu zinabanwa pembeni mwa ukurasa, moja pale kipande kigumu kinapoanzia, nyingine kinapoishia. Tunazibana pamoja darasani, na hatuvuki pau nne, yaani vile vyumba vya nota vinavyotengwa na mistari ya wima. Kadi inasema: weka vifungo vyote kushoto. Weka metronomu kwenye mwendo ambao huwezi kukosea. Ukipiga sawasawa, sogeza kifungo kimoja kulia. Ukikosea, rudisha kimoja. Vyote vikifika kulia, ongeza mwendo kidogo, au funga kwa leo.

Walimu wengi wanaujua mchezo huu kwa kanuni kali zaidi: ukikosea mara moja, vyote vinarudi. Mimi sipendi. Mtoto aliyekwisha kusogeza vitano anashikwa na woga kwenye cha sita, mabega yanapanda, vidole vinakauka, na anachojizoeza hapo ni huo woga. Kurudisha kimoja kunatosha kumfundisha kwamba kosa lina gharama.

Lile neno la kwanza la kadi kuhusu metronomu, mwendo ambao huwezi kukosea, ndilo gumu kumeza. Nilimwuliza mwanafunzi mmoja aliyerudisha mfuko, “Ulianza na ngapi?” Akajibu, “Themanini, Mwalimu, kama kwenye kitabu.” Nikamwambia, “Basi tuanze na arobaini na nane, hapahapa.” Akacheka, akaona ni kama kutambaa. Vifungo vikaisha kusogea kabla hajamaliza kucheka.

Kuna atakayesema simu ina programu ya metronomu bila malipo, kwa nini kuazima kifaa? Ni kweli inayo, na inafanya kazi vizuri. Lakini simu hiyohiyo huleta ujumbe, na mwanafunzi anayeichukua kutafuta mapigo akaiweka chini bila kufungua kitu kingine ni nadra. Kifaa chenye kazi moja kinamlinda. Isitoshe, watoto wanaipenda ile ya zamani yenye mkono unaoyumba, aina aliyoipatia hataza Johann Maelzel mwaka 1815. Wanauona mdundo ukija kabla ya kuusikia, na kwa anayechelewa daima, kuona huko ni msaada mkubwa. Iwekwe tu mahali palipo sawa, vinginevyo inachechemea.

Kwa asiye na wa kumsikiliza, kuna kinasa sauti kidogo. Jirekodi kipande kifupi, sikiliza ukiwa na penseli, zungushia duara pale usiporidhika, kisha piga tena. Hakuna zaidi. Mtu akiwa anapiga, masikio yake yako kazini pamoja na vidole, na mengi yanampita. Akisikiliza mikono ikiwa imetulia, anajikuta anasema mwenyewe yale ambayo ningemwambia mimi. Pamoja na kinasa huwa naweka flashi yenye sauti nilizorekodi mwenyewe: sauti ya pili ya wimbo anaojifunza, kwa mwendo wa polepole, wa kati na wa kawaida. Anapiga sauti ya kwanza juu yake. Ghafla ana mwenzake wa kupiga naye, na mwenzake huyo hamsubiri akisita, jambo ambalo mimi darasani nalifanya mno kwa huruma.

Vitabu navyo vina rafu yao, hasa vya kusoma nota papo kwa papo. Ukurasa wa zoezi hilo unafaa mara moja tu. Ukirudiwa, mwanafunzi anaukumbuka badala ya kuusoma. Kwa hiyo kumnunulishia mzazi kitabu kizima kitakachokwisha baada ya wiki chache ni hasara, ilhali kitabu hichohicho kikizunguka kinawahudumia wengi. Nachagua vilivyo chini ya kiwango chake, chini kwelikweli, maana lengo ni kusoma bila kusimama. Ila tusichanganye kuazimisha na kutoa nakala. Kupitisha kitabu ulichonunua kutoka mkono hadi mkono ni jambo moja, na kukipeleka kwenye mashine ya nakala ni jingine. Ukihitaji karatasi za kutoa, mtandao wa IMSLP, ulioanzishwa mwaka 2006, una hazina kubwa ya nota ambazo ulinzi wake wa hakimiliki umekwisha, lakini angalia sheria ya nchi yako, kwa kuwa miaka ya ulinzi inatofautiana.

Ala zenyewe zinaingia mwisho. Fidla ndogo ndizo zinazostahili zaidi kuazimishwa: zipo za 1/16, 1/8, 1/4, 1/2 na 3/4 kabla ya kufika ile kamili, na mtoto anazipita kama anavyopita viatu. Kumpima ni rahisi, anyooshe mkono wa kushoto ala ikiwa begani, vidole vizunguke kichwa cha fidla na kiwiko kibaki kimelegea kidogo. Akilazimika kujivuta, ni kubwa. Kwa ala za kupuliza kuna suala la usafi ambalo halina mjadala. Rekoda ya plastiki inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila inaporudi. Ya mbao hailowekwi. Tete za klarineti, vile vipande vyembamba vinavyotetema mdomoni, haziazimishwi kabisa, kila mtu na zake.

Utaratibu wa kutoa na kupokea uwe mwepesi, la sivyo utauchoka wewe kabla ya wanafunzi. Daftari moja: namba ya mfuko, jina, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Ndani ya kila mfuko weka picha ya vilivyomo vikiwa vimepangwa, na mwanafunzi ndiye avihesabu mbele yako, si wewe. Wiki mbili zinatosha. Mfuko ukikaa zaidi unageuka fanicha. Faini sitozi, kwa sababu familia inayoogopa faini haiazimi kitu, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa inahitaji. Vifungo vitapotea, betri zitakwisha. Weka akiba.

Na mfuko ukirudi, dakika za kwanza za somo ni zake. Kabla ya salamu kwisha nasema, “Haya, nionyeshe pau zako nne.” Mwalimu akiupokea na kuutupa kabatini bila kuuliza, safari ijayo utarudi kama ulivyotoka, na mtoto hatakuwa na kosa.

Watu wazima wanaojifunza huona haya kuchukua vifungo na klipu mbele ya watoto, ingawa makosa yao ni yaleyale. Hao nawapa kinasa sauti kwanza. Baada ya kujisikia mara moja, huwa wanauliza wenyewe kama ule mfuko wa metronomu upo.