Bei kwa sarafu ya mteja: kuonyesha si kutoza

Mtu wa Mombasa anafungua duka la mtandaoni la Zanzibar linalouza vikoi, anakuta bei kwa shilingi za Kenya. Wa Muscat anafungua ukurasa uleule, anakuta rial. Muuzaji ameandika bei mara moja tu, kwa sarafu yake. Mfumo wa duka ndio unaoigeuza kwa kila anayeingia. Nchi ya mteja hukisiwa kwa anwani ya IP, yaani namba ya kifaa chake kwenye mtandao, au mteja huachiwa achague sarafu mwenyewe. Mimi nashauri mfumo umchagulie sarafu, lakini asizuiwe kuibadilisha, maana Mtanzania aliyeko Dubai kwa wiki moja bado analipa kwa kadi ya benki ya Dar es Salaam, na anwani ya IP haitambui hilo.

Chukua kikoi cha Sh 45,000 za Tanzania. Tuseme dola moja ni shilingi 2,500, basi kikoi ni dola 18. Dola ikiwa shilingi 130 za Kenya, mteja wa Mombasa ataona 2,340. Ikiwa 3,600 za Uganda, wa Kampala ataona 64,800. Wa Muscat ataona rial 6.921, na kutoka dola kwenda rial hatuhitaji kukisia, kwa sababu Oman imeifunga sarafu yake kwa dola kwa kiwango kilekile tangu 1986: dola moja ni rial 0.3845.

Tazama hizo tarakimu tatu baada ya nukta. Rial ya Oman hugawanyika mara 1,000, kama dinari ya Kuwait. Shilingi ya Uganda, faranga za Rwanda na Burundi, na yeni ya Japani hazina senti kabisa katika orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217. Hapa ndipo maduka mengi huumia. Mifumo mingi ya malipo hupokea kiasi kwa kipande kidogo kabisa cha sarafu, kwa hiyo dola 18 hutumwa kama 1800. Mtengenezaji wa duka akizoea kuzidisha kila kitu kwa 100, mteja wa Japani anayedaiwa yeni 2,800 atatozwa 280,000. Kwa rial kosa linageuka: muuzaji anapata sehemu moja ya kumi ya haki yake.

Kiwango cha kubadilishia nacho hakitulii. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilikuwa juu ya shilingi 160 za Kenya. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Duka lililoandika 160 kwa mkono na kusahau liliendelea kumwonyesha mteja 2,880 kwa kikoi cha 2,340. Ndiyo maana duka makini huchota kiwango kipya kila siku au kila saa, likaongeza asilimia ndogo ya kujikinga, kisha likaisawazisha bei isomeke vizuri. Sarafu ikiporomoka kupita kiasi, hata wakubwa husalimu amri: Novemba 2023 Steam, duka la michezo ya kompyuta, liliacha peso ya Argentina na lira ya Uturuki, likahamia dola katika nchi hizo.

Sasa jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi. Sarafu unayoonyeshwa inaweza isiwe sarafu utakayotozwa. Maduka mengine hubadilisha maandishi tu: ukurasa unasema KES (shilingi za Kenya) 2,340, lakini ukifika kwenye malipo unatozwa dola 18, na benki yako inageuza kwa kiwango chake na kuongeza ada. Hiyo 2,340 ilikuwa makadirio. Duka la namna hii linapaswa kuandika wazi, karibu na kitufe cha kulipa, sarafu halisi ya kutoza. Kutoandika ni kumdanganya mteja, hata kama hesabu ni sahihi.

Kuna pia wauzaji na watoa huduma za malipo wanaojitolea kukugeuzia pesa palepale unapolipa, ulipe kwa sarafu ya kadi yako. Inavutia kwa kuwa unaona kiasi kamili, ila kiwango chao mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki. Umoja wa Ulaya tangu 2020 unawalazimisha kuonyesha ni asilimia ngapi wamezidisha juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya.

Kwa kripto, yaani sarafu za kidijitali kama Bitcoin, kugeuza ni kulekule ila kwa kasi. Bitcoin moja ikiwa dola 100,000, kikoi chetu ni Bitcoin 0.00018. Hakuna anayeisoma hiyo kwa raha. Afadhali kuandika satoshi 18,000, kwa kuwa Bitcoin moja ni satoshi milioni 100. Bei hubadilika kila dakika, hivyo ankara hufunga kiwango kwa muda mfupi, kama dakika 15, na muda ukipita huandikwa upya. Steam waliacha Bitcoin Desemba 2017: ada ya muamala ilikuwa imefika karibu dola 20, na thamani ilikuwa ikibadilika kabla malipo hayajakamilika. Sarafu zilizofungwa kwa dola, kama USDT na USDC, hupunguza tatizo la kuyumba.

Muuzaji wa Tanzania ana sababu nyingine ya kutenganisha bei za wateja wa ndani na wa nje. Kanuni za mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha hizo, kwa hiyo mteja aliye nchini aone shilingi.

La mwisho ni kurudisha pesa. Aliyelipa satoshi 18,000 akirudisha kikoi mwezi ujao, arudishiwe satoshi 18,000 au thamani ya dola 18? Majibu yote mawili yanakubalika, mradi liandikwe moja kabla hajalipa.