Kulainisha shaba kwa moto: maana yake, kuanzia kwa wapiga shaba wa Lubumbashi hadi kwenye ganda la risasi

Chukua bamba jembamba la shaba ulipinde huku na huku. Mwanzoni linatii, kisha linakuwa kaidi, na ukizidi kulikunja linapasuka. Hakuna kitu kilichoingia ndani yake. Ni kule kukunjwa kulikolikaza. Ukiliwahi kabla ya kupasuka, ukalipasha moto hadi lianze kuwa jekundu kwa mbali, likipoa linakuwa laini tena. Hiyo ndiyo maana ya kulainisha shaba kwa moto, na mafundi wa Lubumbashi, mji wa Katanga huko Kongo, wanaochonga nyuso na wanyama kwa nyundo juu ya bamba la mukuba, yaani shaba nyekundu, wanaifuata kila siku: nyundo ikianza kudunda bila bamba kubonyea, bamba linarudishwa motoni. Bayeke wa Bunkeya, hukohuko Katanga, waliovuta nyaya za shaba za bangili katika karne ya 19 nao walikuwa wakishindana na ukaidi uleule, maana kila waya unapopitishwa kwenye tundu lililo jembamba kuliko wenyewe, unakaza.

Sababu iko ndani ya madini yenyewe. Shaba ni mkusanyiko wa chembe ndogo za fuwele, na katika kila chembe atomu zimejipanga safu kwa safu. Inapopigwa au kukunjwa, safu hizo huteleza, na kwenye mteleko huo huzaliwa kasoro ambazo hunasana kama nyavu za wavuvi zilizotupwa rundo moja. Zikishanasana, safu hazitelezi tena kirahisi. Moto huzipa atomu nguvu ya kuhama, chembe mpya zisizo na kasoro zikaota mahali pa zile za zamani. Kwa shaba ya njano, yaani mukuba uliochanganywa na zinki, viwanda hutumia joto la kati ya nyuzi 425 na 750 za Selsiasi hivi, kutegemea muda na ulaini unaotakiwa. Moto ukizidi, chembe hunenepa mno, na bamba likivutwa uso wake unakuwa na vipele kama ganda la chungwa.

Watu wengi wanakosea jambo moja hapa, na naona ni muhimu kulinyoosha. Wanadhani ni maji baridi yanayofanya kazi, kwa kuwa wamemwona mhunzi akichovya kisu chekundu majini. Chuma cha kisu hukazwa kwa kupozwa ghafla. Shaba haiko hivyo. Yenyewe hulainishwa na joto. Ipoze kwa maji au iache ipoe yenyewe, ulaini ni uleule. Maji yana faida nyingine tu: kuzuia joto lisisambae.

Faida hiyo inaonekana vizuri kabisa kwenye ganda la risasi, kile kikopo kinachobeba baruti na kushika risasi mdomoni. Shaba ya njano inayotumika huko ina mukuba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Katanga inazo zote mbili: mukuba ulianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na zinki iko Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini, kwenye mgodi uliofungwa mwaka 1993 na kurudia uzalishaji mwaka 2024. Mchanganyiko huo unapendwa kwa sababu huvutika sana bila kuchanika. Kiwandani ganda huanza kama kisahani bapa, likabonyezwa kuwa kikombe, kikombe kikavutwa mara kadhaa hadi kiwe mrija mrefu, na kati ya mvuto na mvuto kinalainishwa kwa moto, la sivyo kingechanika njiani.

Ugumu wa kazi ni kwamba ganda moja linadaiwa tabia mbili. Kitako chake lazima kiwe kigumu, kwa kuwa risasi ikifyatuliwa msukumo wa gesi katika bunduki kubwa za kuwindia unaweza kuzidi mara 3,500 ya msukumo wa hewa ya kawaida. Shingo inayoshika risasi lazima iwe laini kiasi, itanuke na kuziba gesi isirudi nyuma bila kupasuka. Ndiyo maana shingo peke yake hupashwa moto mwishoni. Kwenye maganda ya kijeshi alama ya moto huo huachwa: doa la rangi ya buluu na kahawia kuanzia begani, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, kwenda juu. Maganda ya wawindaji mara nyingi husuguliwa hadi doa litoke.

Katika nchi ambako sheria inaruhusu watu kujijazia upya maganda yaliyokwisha kupigwa, kama Marekani, wapo wanaotengeneza ganda la aina moja kutokana na jingine, hasa kwa bunduki za zamani ambazo maganda yake hayauzwi tena. Aina nyingine zilizaliwa hivyohivyo: .243 Winchester ya mwaka 1955 ni ganda la .308 Winchester ya mwaka 1952 lililobanwa shingo. Kubanwa huko hukaza shingo, nayo isipolainishwa hupata ufa. Hapa ndipo maji yanapofaa, kuzuia joto lisishuke, kwa maana likifika kwenye kitako, ganda limeharibika moja kwa moja. Halirudishiki kwa moto wala kwa maji, kwa sababu shaba hukazwa kwa kukandamizwa tu, na kitako kilicholegea kinaweza kuvimba na kuachia gesi usoni mwa mpigaji. Ganda lililolainishwa lote si la kutumiwa. Na niseme wazi kwa wanaookota vyuma chakavu: kitu chenye risasi au fataki isiyolipuka hakiwekwi motoni kamwe, hata kiwe kimeshika kutu kiasi gani.

Upo pia moto mdogo zaidi, ambao haulainishi bali unatuliza. Wakati wa utawala wa Waingereza huko India, maganda ya risasi yaliyohifadhiwa msimu wa mvua yalikutwa yana nyufa ingawa hayakuguswa. Chanzo kilieleweka vizuri katika utafiti wa mwaka 1921: amonia, kwa mfano ile inayotoka kwenye mikojo ya farasi, hushambulia shaba ya njano ambayo bado ina mkazo ndani yake tangu ilipobanwa. Dawa yake ni kupasha joto la chini, nyuzi 250 hadi 300 hivi, mkazo ukaisha huku ugumu ukibaki karibu kama ulivyokuwa. Ugonjwa huo haukuishia kwenye risasi. Nati ya shaba ya njano iliyokazwa kupita kiasi kwenye bomba lililo karibu na choo au banda la kuku inaweza kupasuka vivyo hivyo, na fundi akalaumu msukumo wa maji. Akiiona imepasuka kwa mstari mmoja mwembamba bila kupinda wala kuliwa na kutu, aanze kwa kunusa hewa ya mahali pale, na nati mpya asiikaze kwa nguvu zote za mkono.