Gari la kiwanja kutoka parseli ya Kampemba, Lubumbashi: hesabu kilo kabla ya farasi

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hesabu ya gari la mashindano la kujengwa nyumbani inaanzia hapo. Kwenye kimo hiki kanieneo ya hewa ni kilopaskali 88 hivi, wakati pwani ni 101. Moteri isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe. Hewa ikipungua, esansi (petroli) inayoweza kuungua nayo inapungua, na nguvu inayopotea ni kama sehemu moja kati ya nane. Hakuna fundi wa kuirudisha kwa kukaza bujii (plagi) au kubadilisha filta.

Vijana wanaopita nyumbani na kuona shasi juu ya meza huuliza wote swali moja: "Yaya, iko na farasi ngapi?" Farasi ni kipimo cha nguvu ya moteri. Mimi huwajibu kwa kilo. Mlima umetunyang'anya farasi, lakini uzito uko mikononi mwetu, na huku kwetu mikono ya kufanya kazi ya chuma haijawahi kukosekana. Mji huu umekua pembeni ya tanuru la shaba tangu mwaka 1910. Kuna familia ambazo babu alichomelea Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji, baba akachomelea Gécamines iliyoirithi, na mtoto sasa anachomelea mabomba kwa wakandarasi wa migodi. Ujuzi wa kujenga shasi ya mabomba uko mtaani. Kinachobaki ni vipimo, na makala hii inahusu vipimo.

Gari ninalolivunja ili kupata pyesi ni Toyota Altezza RS200, la aina ile inayotoka Japani, ikashuka Dar es Salaam, ikavuka Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Lililogongwa karoseri (bodi) linafaa kabisa, mradi moteri na miguu ya magurudumu (sasipensheni) ni mizima. Ninalipenda kwa sababu tatu. Nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Moteri yake, 3S-GE, ina ujazo wa sentimita 1,998 za mchemraba, na upana wa silinda na mwendo wa pistoni ni sawasawa, milimita 86. Tena magurudumu yote manne yanashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, jambo ambalo Corolla ya kawaida haina. Katalogi ya Japani inaipa moteri hiyo farasi 210 ikiwa na bwati (giaboksi) ya vitesi 6 vya mkono.

Sasa tupige hesabu. Gari zima lina zaidi ya kilo 1,300. Pwani, kila farasi anabeba zaidi ya kilo 6. Hapa Lubumbashi farasi wanabaki 184 hivi, na kila mmoja anabeba zaidi ya kilo 7. Chukua moteri ileile, bwati ileile, uviweke kwenye shasi nyepesi, gari likae kwenye kilo 700: kila farasi anabeba chini ya kilo 4. Vifaa vidogo vya kuongeza nguvu havikupi tofauti ya namna hiyo. Tena kwenye kona na kwenye freni faida inaendelea. Kusimamisha kilo 1,300 kutoka kilomita 150 kwa saa ni kugeuza zaidi ya kilojuli 1,100 kuwa joto ndani ya diski. Kwa kilo 700 ni kama 610.

Turbo ingerudisha hewa iliyopotea, ni kweli. Inaleta pia joto, mabomba, radieta ya pili na kilo. Kwa gari la kwanza siishauri.

Njia hii ni ya zamani. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus ya Uingereza, aliitoa Lotus Seven mwaka 1957: fremu ya mabomba membamba, ngozi ya aluminiamu, uzito karibu kilo 500. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuitengeneza, na inaitengeneza hadi leo. Wajenzi wa nyumbani duniani kote wameifuata kwa kuwa haihitaji mashine kubwa ya kukunja bati. Inahitaji msumeno, mashine ya kuchomelea, meza iliyonyooka na subira.

Meza ndiyo chombo cha kwanza. Yangu ni mihimili mizito ya chuma iliyosawazishwa kwa pima-maji ya bomba la plastiki, lile la waashi, kwa sababu maji hayadanganyi kwa urefu wa mita tatu. Juu yake ninachora mstari wa katikati, na kila kipimo cha shasi kinachukuliwa kutoka mstari huo, upande wa kushoto na wa kulia. Usipime kutoka bomba hadi bomba. Kosa la milimita moja kwenye kila bomba linakusanyika, na mwisho gari linakwenda upande.

Bomba la shasi ni la mraba, milimita 25 kwa 25, unene 1.5. Kenkayeri (maduka ya vyuma) nyingi za mjini zinaliuza, ila chukua kipimo chako mwenyewe cha kuthibitisha unene, maana lililoandikwa 1.5 mara nyingine ni pungufu. Nguvu ya shasi haitoki kwenye unene, inatoka kwenye pembetatu. Fremu ya mraba yenye pembe nne ukiisukuma kwenye kona inalala. Tia bomba moja la mshazari, haiendi popote. Ni kazi ileile ya mbao za mshazari kwenye kenchi la paa. Kwa hiyo pitia kila uso wa shasi, sakafu, ubavu, ukuta wa mbele ya miguu, uulize: hapa pembetatu iko wapi? Sehemu ngumu kuliko zote ni shimo la moteri, kwa sababu juu lazima pabaki wazi ili moteri itoke. Hapo mimi huweka mshazari unaofungwa kwa bolti.

Shikiza shasi nzima kwa nukta kabla ya kuchomelea kiungo hata kimoja. Pima mishazari, zilingane. Kisha chomelea kwa kuruka: kiungo cha mbele kushoto, halafu cha nyuma kulia, halafu katikati, ili joto lisivute upande mmoja. Chuma kinachopoa kinajikunyata, na kinavuta jirani yake. Kwa mashine ya waya wa milimita 0.8 na gesi mchanganyiko ya agoni, kazi ni safi. Kwa vijiti inawezekana pia: 6013 vya milimita 2, ampea 40 hadi 60, mishono mifupi. Shida ya kweli ni umeme. Jioni, mtaa mzima ukiwasha majiko, volti inashuka, mshono unakaa juu ya chuma bila kuingia ndani, na kwa macho unaonekana mzuri. Mimi huchomelea viungo vya uzito kwa jenereta au alfajiri.

Kabla ya kuweka chochote juu ya shasi, ipime msokoto. Funga nyuma yake imara kwenye meza. Mbele, iegemeze katikati juu ya kipande kimoja cha chuma ili iweze kuyumba kushoto na kulia. Funga mhimili mgumu kupita mbele, utokeze mita moja kutoka katikati, utundike kilo 60 kwenye ncha. Hiyo ni nyutoni-mita 589. Ncha ikishuka milimita 3.4, shasi imejisokota kama digrii 0.2, yaani ina ugumu wa nyutoni-mita 3,000 kwa kila digrii, na kwa gari la kilo 700 hapo mtu anaweza kuendelea na kazi. Ikishuka milimita 10, rudi kutafuta pembetatu iliyokosekana. Shasi laini inafanya kazi ya springi, na hakuna marekebisho ya springi yatakayosikika tena.

Sasa ngome ya dereva, yaani mabomba yanayomkinga gari likipinduka, na hapa naomba usome polepole.

Nimeona ngome zilizotengenezwa kwa mabomba ya maji. Usifanye hivyo, wala usikubali rafiki afanye. Bomba la maji lina mshono wa kiwandani unaoweza kupasuka likipigwa, na zinki iliyopakwa juu yake ikichomelewa inatoa moshi unaompa fundi homa na kutetemeka usiku, mpaka watu wa nyumbani wanadhani ni malaria. Wala usitumie chuma cha mitrayi (chuma chakavu) kwa ngome, hata kiwe kizito, kwa sababu hujui ni chuma gani.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, ziko wazi. Upinde mkuu, ule ulio nyuma ya kichwa cha dereva, uwe bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi, la chuma cha kaboni chenye nguvu ya mvuto isiyopungua nyutoni 350 kwa milimita ya mraba. Kipimo ni milimita 45 kwa unene 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine ya ngome ni 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Kukunja kufanyike baridi, na nusu-kipenyo cha mkunjo, kwenye mstari wa katikati wa bomba, kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba: kwa bomba la 45, milimita 135. Ile njia ya kujaza mchanga na kupasha moto iachie milango ya chuma. Karakana zinazohudumia mabomba ya migodi zina mashine za kukunja kwa mafuta ya shinikizo. Peleka mchoro, lipa, rudi nyumbani na upinde ulionyooka. Miguu miwili inayoshuka nyuma kutoka juu ya upinde iachane na wima kwa digrii 30 au zaidi. Mikanda ya mabega iende nyuma karibu usawa wa mabega, isishuke hadi sakafuni, maana ajali itauvuta uti wa mgongo kwenda chini.

Hapa sipunguzi kilo hata moja. Uzito wote ninaouwinda kwenye gari ninauwinda ili niweze kuutumia mahali hapa.

Miguu ya magurudumu nitaiandikia makala yake, ila jambo moja haliwezi kungoja. Gurudumu likipanda na kushuka, lisigeuke lenyewe. Ondoa springi, pandisha gurudumu kwa hatua za milimita 10, na kila hatua pima umbali wa mbele na wa nyuma ya diski kutoka mstari wa katikati. Ukiona linageuka, inua au shusha kremayeri ya usukani (reki inayosukuma magurudumu) mpaka litulie. Ni kazi ya jioni nzima, na inafaa kuliko tairi za bei ghali.

Mafuta ya moteri yanahitaji uangalifu ambao gari la barabarani halikuuhitaji. Kwenye kona kali, nguvu ya pembeni ikilingana na uzito wa gari lenyewe, uso wa mafuta unalala kwa digrii 45, pampu inavuta hewa, na beringi zinakufa ndani ya sekunde chache. Fungua karte (sampu ya mafuta iliyo chini ya moteri), chomelea kuta ndogo zenye vilango vinavyofunguka kuelekea kwenye pampu tu. Maji nayo, kwa kimo chetu, yanachemka kwenye digrii 96 badala ya 100, hivyo kifuniko cha radieta kisichoshika shinikizo ni hatari zaidi kwetu kuliko kwa watu wa pwani. Nunua kipya. Kwa freni, mafuta mapya ya freni ya daraja la DOT 4 yanapaswa kuvumilia digrii 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinashuka hadi 155. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea miezi, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa msimu uliopita haina kazi kwenye gari hili.

Karoseri ni karatasi za aluminiamu za milimita 1 na riveti. Sina zaidi la kusema juu yake.

Gari likisimama kwa magurudumu yake, linapimwa kila gurudumu peke yake, dereva akiwa amekaa. Mizani ya kitaalamu ni ghali, lakini mizani ya kupimia watu inatosha ukiipa mhimili. Chukua boriti ngumu, ncha moja iwe juu ya kishikizo, nyingine juu ya mizani. Weka gurudumu theluthi moja ya urefu kutoka kwenye kishikizo: mizani itasoma theluthi moja ya uzito. Ikisoma 63, gurudumu linabeba 189. Toa kwanza uzito wa boriti yenyewe, na magurudumu yote manne yawe kwenye kimo kimoja, la sivyo unapima sakafu. Jumlisha mbele kushoto na nyuma kulia, halafu mshazari mwingine. Zungusha vishikio vya springi mpaka jumla hizo mbili zilingane. Gari lisilolingana litapinda vizuri kona za kulia na kukataa za kushoto, na dereva atalaumu tairi.

Shasi ninaipaka rangi nyeupe au kijivu hafifu, kamwe si nyeusi. Ufa kwenye rangi hafifu unaonyesha kutu kama uzi mwekundu, mapema. Baada ya mizunguko ya kwanza kwenye uwanja uliofungwa, gari likiwa limeletwa kwa trela na kurudishwa kwa trela, vua ngozi, osha, na upulizie kiowevu chekundu cha kutafutia nyufa kwenye viungo vya miguu ya magurudumu, vishikio vya mikanda na nyayo za ngome. Kifute kwa kitambaa, pulizia unga mweupe, ungoje. Wauzaji wa vifaa vya migodi wanacho kwa makopo. Kiungo chenye mstari mwekundu kisagwe hadi chuma safi na kichomelewe upya, na gari lisiwashwe kabla ya hapo.