Nywila ni ileile, seva imegoma: dhana potofu za kuhamia MySQL mpya

“Seva mpya imeharibu nywila zetu.”
Seva haihifadhi nywila yenyewe. Inahifadhi heshi yake (mfuatano wa herufi unaokokotolewa kutoka kwenye nywila), na kando yake jina la njia ya kuihakiki. Toleo la 8.0 la MySQL, programu ya hifadhidata, lilitoka rasmi Aprili 2018 na kuifanya caching_sha2_password kuwa njia ya chaguomsingi badala ya mysql_native_password. Draiva ya zamani (kiunganishi cha programu yako na seva) haiijui njia hiyo, kwa hiyo mazungumzo yanakatika hata kabla nywila haijaangaliwa. Wenye tovuti za PHP ya kabla ya 7.4 waliionja sana adha hii.

“Ukishapandisha toleo, akaunti zote zinahamia njia mpya.”
Hapana, na hapa ndipo penye mtego. Akaunti za zamani hubaki na njia yake ya zamani. Njia mpya hupewa zile zinazofunguliwa baadaye. Mfumo unaenda shwari kwenye 8.0, kila mtu anapongezana, kisha mnahamia 8.4 ya mwaka 2024, ambamo mysql_native_password imezimwa. Akaunti za zamani zinagoma zote kwa mpigo. Kwenye 9.0 njia hiyo imeondolewa kabisa. Amri hii ingeonyesha yote mapema:

SELECT user, host, plugin FROM mysql.user;

“Kuna amri ya kugeuza heshi za zamani ziwe mpya.”
Haipo. Heshi hairudi kuwa nywila. Lazima nywila iandikwe upya kwa ALTER USER, hata kama ni ileile.

“Rudisha njia ya zamani, kazi iishe.”
Kwenye 8.4 bado unaweza kuiwasha kwa mysql_native_password=ON. Sioni ubaya kama unanunua muda wa kubadilisha draiva. Ila njia hiyo hukokotoa heshi kwa SHA-1 bila chumvi, yaani bila herufi za nasibu za kuitofautisha kila heshi: watu wawili wenye nywila moja wana heshi moja, na mwizi akipata jedwali la heshi analiona hilo papo hapo.

“Jana iliingia, leo imekataa: ni mtandao.”
Huenda seva iliwashwa upya tu. Mtumiaji anapoingia mara ya kwanza, caching_sha2_password hudai TLS (muunganisho uliosimbwa) au ufunguo wa RSA wa kusimba nywila njiani. Akishakubaliwa, seva huweka kumbukumbu ya kuingia kwake kwenye RAM, na mara zinazofuata humpitisha haraka hata bila TLS. Seva ikizimwa, kumbukumbu hiyo inafutika. Programu ya Java isiyotumia TLS hapo hulalamika kuhusu “Public Key Retrieval”. Wengi huweka allowPublicKeyRetrieval=true na kuendelea na maisha; mimi ningewasha TLS, kwa sababu mpangilio ule unaruhusu ufunguo kutoka kwa yeyote anayejifanya seva.

“Haya ni ya MySQL peke yake.”
PostgreSQL, hifadhidata nyingine, katika toleo la 14 la mwaka 2021 nayo iliifanya SCRAM-SHA-256 kuwa njia ya chaguomsingi ya kuhifadhi nywila badala ya MD5. Huko, ukiandika scram-sha-256 kwenye pg_hba.conf (faili la kanuni za nani anaingia na kwa njia gani) wakati heshi zilizohifadhiwa bado ni za MD5, wenye heshi hizo wanabaki nje. Ukiacha neno md5 mahali pake, wote wanaingia, wa zamani na wapya.